Kalamu Iliyoondolewa kwa Mgonjwa Haikuondolewa Kwetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad:

Miongoni mwa maswali yaletwayo katika darsa zetu, liko moja ambalo huletwa kwa sauti ya chini, nalo ni hili: je, mtu mwenye imani ya kweli aweza kupatwa na maradhi ya akili? Nasi twatambua ya kuwa nyuma ya swali hilo pana jingine ambalo muulizaji hawezi kulitamka: mwanangu, au mke wangu, au mimi mwenyewe, je, Mungu ametukasirikia?

Tumeona ni wajibu wetu kulijibu swali hili mbele ya watu wote. Kwani jawabu ambalo wengi wamezoea kulisikia katika miji yetu, tangu Lamu hata Vanga, na katika mitaa ya Waislamu ya Nairobi, ni jawabu baya, nalo limewadhulumu watu wengi. Husemwa: huyu hasali vizuri. Husemwa: huyu ana dhambi aliyoificha. Husemwa: hawa ni watu wa pepo tangu babu zao. Na wenye kuyasema hayo hudhani kuwa wanaitetea dini.

Sisi twasema kuwa hawaitetei dini, bali wanaisingizia. Na katika maneno haya tutaeleza, inshallah, ya kuwa sharia imemwondolea mgonjwa wa akili lawama, na ya kuwa mzigo ulioondolewa juu yake haukupotea. Umewekwa juu yetu sisi tulio wazima.

Natuanze kwa Mitume na watu wema, kwani hao ndio wenye imani kuliko sisi sote. Nabii Yaakubu (a.s.) alimpoteza mwanawe Yusufu, akahuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na wanawe wakamwambia kuwa hataacha kumtaja Yusufu mpaka aangamie. Khabari hii imo katika Sura ya Yusufu, na kila mtoto wa chuoni huisoma. Je, yuko mfasiri aliyesema kuwa Yaakubu alikuwa na upungufu wa imani? Bibi Maryamu, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, alipofikwa na uchungu penye shina la mtende alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Mama yake Nabii Musa moyo wake ulikuwa mtupu kwa ajili ya mwanawe, hata akakaribia kuifichua siri yake, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo huo. Na Mtume wetu (s.a.w.), baada ya kufa Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, alipitiwa na mwaka ambao wanachuoni wa sira wameuita Mwaka wa Huzuni. Naye alikuwa akiomba mara kwa mara kinga ya Mungu na dhiki ya moyo na huzuni. Mtu haombi kinga ya jambo lisiloweza kumpata muumini.

Hatusemi, na Mungu atuepushe na kusema, kuwa Mitume walipatwa na wazimu; hilo ni muhali kwao. Tusemalo ni kuwa uzito wa moyo si alama ya kukosa imani. Na ikiwa huzuni yaweza kuyatia macho weupe, basi yaliyo moyoni na yaliyo mwilini yana njia ya kufikiana, na mwanadamu hawezi kuifunga njia hiyo kwa kutaka tu.

Atatujibu mtu kwa Sura ya Raad, pale Mwenyezi Mungu alipotujulisha kuwa kwa kumtaja Yeye ndipo nyoyo hutulia. Atasema: huyu mwenye huzuni angalimtaja Mungu kikweli, huzuni ingalimtoka. Hii ndiyo hoja yao kubwa, nasi hatuipuuzi. Kumtaja Mungu hutuliza nyoyo. Hilo ni kweli, na asiyelionja amekosa kheri nyingi. Lakini Qur'ani hiyo hiyo, katika Sura ya Nahl, imetufunza kuwa katika asali mna ponyo kwa watu. Je, mtu akila asali, kisha akashikwa na malaria, twamwambia kuwa hakuila asali kwa moyo safi? Hatumwambii. Twampeleka hospitali, na asali yake twamwachia aile. Basi vivyo hivyo dhikri ni ponyo, na daktari ni sababu, na hakuna kinachomfukuza mwenziwe. Aya ya rehema haikuteremshwa iwe fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka.

Tena tazama jinsi fiqhi ilivyomfanyia mgonjwa wa mwili. Aliyevunjika mguu husali amekaa, na asiyeweza kukaa husali kwa ubavu. Hakuna imamu aliyepata kusema kuwa magoti ya mtu huyo yana upungufu wa imani. Basi kwa nini ubongo, ambao nao ni kiungo kama mguu, ukipatwa na ila, tuseme kuwa kilichovunjika ni imani?

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha Ata bin Abi Rabah mwanamke mmoja mweusi, akamjulisha kuwa huyo ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamtaka amwombee, kwani alikuwa akianguka na nguo zikimfunuka. Mtume akampa khiyari: asubiri apate Pepo, au amwombee Mungu ampe afya. Akachagua kusubiri, lakini akaomba asifunuke, na Mtume akamwombea hilo. Zingatia mambo mawili, ewe msomaji. La kwanza, Mtume hakumuuliza amefanya dhambi gani. La pili, jambo lililomtia uchungu zaidi mwanamke yule halikuwa maradhi yenyewe, bali ni kufunuka mbele ya macho ya watu. Na Mtume aliisikia haja hiyo ya heshima yake, akaishughulikia. Sisi leo mgonjwa wa namna hii twamfunua kwa ndimi zetu barazani kila siku.

Wanachuoni wetu wa zamani waliyajua haya kuliko wengi wa leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Akaeleza humo kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake yajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile ambayo mwenyewe haijui sababu yake, na hiyo ya pili akaitafutia asili katika mwili na kuiagizia dawa. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga mjini Cairo hospitali kubwa iliyokuwa ya wakfu, ikapokea tajiri na maskini, waume kwa wake, na ndani yake mlikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Wakfu huo ulitolewa kwa kutaka radhi za Mungu, kama utolewavyo wakfu wa msikiti. Hayo ndiyo mafunzo ya Uislamu. Mnyororo na chumba cha uani havikutoka huko.

Vimetoka wapi basi? Vimetoka kwa waganga, na kwetu sisi tuliowaamini. Hatukanushi kuwako kwa majini. Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, na mwenye kuikanusha amekanusha kitabu. Lakini kuamini kuwa majini wako si sawa na kuamini kuwa kila mwenye kusema peke yake ana jini. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Israi ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na akatuonya kuwa masikio na macho na moyo vitaulizwa. Mganga apigaye bao, akamtaja pepo kwa jina na kabila lake, na akaeleza atakalo la kitambaa chekundu na mbuzi mweusi, elimu hiyo ameipata kwa nani? Tena mara nyingi hutaja jirani au mke mwenza kuwa ndiye mrogaji, na kwa neno hilo moja huvunja nyumba mbili.

Ruqya ya sharia ni halali, nayo ni kumsomea mgonjwa Fatiha na Aya na dua zilizothibiti. Lakini ruqya haina bei ya mbuzi, haina kipigo, haina moshi wa kumziba mtu pumzi, wala haimkatazi mgonjwa kumeza dawa ya daktari. Mwenye kumsomea mgonjwa kisha akamwambia atupe vidonge vyake, huyo amefanya khiyana mbili: ameikhini tiba na ameikhini Qur'ani. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba zake wajitibu, akawajulisha kuwa Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakusema isipokuwa maradhi ya akili.

Sasa tufike kwenye asili ya maneno yetu. Imepokewa na Abu Daud kuwa mwanamke mmoja mwenye wazimu aliletwa mbele ya Sayyidna Umar (r.a.) kwa kosa la zina, na Umar akaamrisha apigwe mawe. Sayyidna Ali (r.a.) akampita njiani, akauliza khabari yake, kisha akaamrisha arudishwe. Akamwendea Umar na kumkumbusha ile hadithi mashuhuri ya Mtume, kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwenda wazimu mpaka arudiwe na akili. Umar akamwachilia mwanamke yule huku akitoa takbira.

Tuifikiri hadithi hii. Watu wengi huisoma kama kwamba ni hukumu ya kumtoa mwenda wazimu katika hesabu ya watu. Haikuwa hivyo. Ni hukumu ya kumwondolea dhambi, na mtu huondolewa dhambi kwa kuwa yeye ni mtu. Mnyama hana haja ya hadithi. Tena angalia ni nani aliyekuwa na wajibu siku ile. Mwanamke hakuwa na wajibu wowote. Wajibu ulikuwa wa Umar, aliyekuwa na hukumu mkononi, na wa Ali, aliyekuwa na elimu kifuani. Lau Ali angalinyamaza, kalamu isingaliandika kitu juu ya mwanamke, lakini ingaliandika juu ya kunyamaza kwake. Kalamu iliyoondolewa kwa mgonjwa haikuvunjwa. Ingali inaandika, nayo yaandika tumtendavyo.

Yaandika nini, basi, katika nyumba zetu? Natutaje machache.

Kwanza ni mali. Katika Sura ya Nisaa tumekatazwa kuwapa mali wasioweza kuyaendesha, lakini katika Aya hiyo hiyo tumeamrishwa tuwalishe, tuwavike, na tuseme nao maneno mema. Mwenda wazimu hurithi fungu lake kamili. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mali yake ikifika nisabu hutolewa zaka, na walii wake ndiye aitoaye, kwa sababu mali yangali ni milki yake. Basi yule nduguye anayekaa katika nyumba ya mgonjwa, akala kodi yake, na mgonjwa mwenyewe akamtupia mkeka penye kuku, ajue kuwa anakula moto. Mgonjwa hawezi kumshitaki kwa kadhi. Mola wa mgonjwa hahitaji kupelekewa shitaka.

Pili ni maneno. Washirikina walimwita Mtume wetu mwenda wazimu, na kabla yake Nuhu na Musa waliitwa hivyo. Kwa hivyo neno hili tangu zamani limekuwa silaha ya kumtoa mtu katika kusikilizwa. Katika Sura ya Hujurati tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Nasi twaona watoto, na baadhi yao wana misahafu kwapani, wakimfuata mgonjwa njiani na kumrushia mawe na kumwimbia, na watu wazima wamekaa barazani wakicheka. Hospitali ya Mathari huko Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, imefanywa jina la tusi, hata mwenye kuhitaji matibabu aogopa kuonekana langoni. Watu wangapi wamechelewa kutibiwa kwa sababu ya kucheka kwetu? Muslim amepokea kuwa mwanamke mmoja wa Madina aliyekuwa na kitu katika akili yake alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume akamwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia aitakayo ili amtimizie haja yake, akasimama naye njiani mpaka akamaliza. Huyo ni Mtume wa Mungu, mwenye shughuli za umma mzima. Nasi tuna shughuli gani?

Tatu ni ndoa. Posa huvunjwa kwa kuwa ami ya msichana aliwahi kulazwa, ingawa msichana mwenyewe ni mzima. Kwa khofu hiyo, watu huficha. Mgonjwa huozwa bila ya kuelezwa, kwa tamaa kuwa ndoa itamponya, na siku ya kufichuka huwa fitina kubwa. Kuficha huko ni ghishi, kwani wazimu ni miongoni mwa aibu ambazo mafakihi wamempa mume au mke khiyari ya kuivunja ndoa kwa ajili yake. Lakini hao wanaoficha wamefunzwa na nani? Tumefunzana sisi kwa sisi. Mji ambao ukweli huadhibiwa, watu wake watajifunza uongo.

Nne ni saumu. Mwenye kutumia dawa za akili huona haya kula mchana wa Ramadhani, kwa kuwa macho ya watu yamwona ni mzima. Basi huacha dawa mwezi mzima, na katika Shawali ugonjwa humrudia kwa nguvu. Naye ni mgonjwa kama wagonjwa wengine waliotajwa katika Aya ya saumu. Amuulize daktari wake kama dawa zaweza kupangwa usiku. Zisipowezekana, afungue, alipe siku nyingine. Na ikiwa maradhi ni ya daima, atoe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wala si juu ya jirani kumpeleleza.

Tano, na ndilo zito kuliko yote, ni yule ambaye maradhi yalimshinda akajitoa roho. Kujiua ni haramu kubwa, na hatulegezi neno hilo. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliacha kumsalia mmoja aliyejiua. Lakini Imamu Nawawi, katika Minhaji isomwayo katika vyuo vyetu vyote, ameweka wazi kuwa mwenye kujiua huoshwa na kusaliwa kama wengine. Na Muslim amepokea kuwa mtu aliyehama pamoja na Tufail bin Amri aliugua Madina, akashindwa kustahamili, akajikata viungo vya vidole akafa. Na Mtume, alipopewa khabari ya ndoto ya Tufail juu yake, alimwombea Mungu aisamehe mikono yake. Ikiwa hayo ni kwa aliyekuwa na akili zake, itakuwaje kwa ambaye akili yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiugua? Basi wale wanaokimbia jeneza la namna hii, na kumwacha mama na mwanawe bila ya mtu wa kulibeba, wanaitafuta fatwa gani? Katika nchi yetu, sheria ilimhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kuwa kifungu hicho chapingana na katiba. Yatutia haya kuona mahakama ya serikali imetangulia katika rehema, na watu wa rehema wangali wanatafuta aibu.

Huenda mtu akasema: "Sisi twasitiri tu, na kusitiri ni sunna." Naam, kusitiri ni sunna, ikiwa maana yake ni kutoeneza khabari za mtu. Lakini kumfungia mtu chumbani bila ya tiba si kumsitiri yeye. Ni kujisitiri sisi kwa kumtumia yeye. Sitara hutazama heshima ya mgonjwa. Kinachotazama heshima ya ukoo kina jina jingine.

Kwa hivyo twawanasihi ndugu zetu mambo haya. Maimamu wataje maradhi ya akili katika khutba pamoja na maradhi mengine, na wawaombee wagonjwa hawa bila ya kunong'ona. Walimu wa vyuo wamwadhibu mtoto amrushiaye mgonjwa jiwe kama wamwadhibuvyo aachaye sala. Tunaozuru wenye homa, tuwazuru na hawa. Mlango usiobishwa ndio wenye haja zaidi ya kubishwa. Wenye kugawa zaka wakumbuke kuwa dawa hizi hununuliwa kila mwezi, miaka na miaka, na kuwa mgonjwa fakiri ni fakiri. Na wewe uliye mgonjwa na unasoma maneno haya: sali uwezavyo, meza dawa zako, taka msaada kwa watu wa kweli, wala usiikubali hukumu juu ya imani yako kutoka kwa asiyeuona moyo wako. Hukumu hiyo haikupewa mwanadamu.

Ama sisi tulio na akili zetu, tusijisifu kwazo. Ni amana, na mwenyewe aweza kuitaka wakati wowote. Kesho hatutaulizwa kwa nini jirani yetu aliugua. Tutaulizwa tulimfanyia nini alipougua, na siku hiyo tutayakuta maandishi yako tayari.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wauguzi wao, na azisafishe ndimi zetu. Wabillahi ttaufiq.